Jibu: Kwa nini tufunge Ziwa Tanganyika kwa kupatana na majirani?

Mkuu, umeuliza kwa nini ziwa lifungwe miezi mitatu eti tumekubaliana na majirani, huku wewe Kariakoo unahangaika kutafuta dagaa wa Kigoma. Dagaa hawana pasipoti, ndugu yangu. Ziwa ni la nchi nne: sisi, Burundi, Kongo na Zambia, na mkataba wa kulisimamia pamoja ulisainiwa hapahapa Dar, Juni 2003. Mamlaka yake iko Bujumbura. Mwaka 2024 tulifunga kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Tukifunga peke yetu, tunawafugia wengine.

Ila tatizo si nyavu tu. Mlima ukilimwa bila matuta, mvua inashusha udongo hadi ziwani, unafunika miamba ambako samaki wadogo hula mwani na kutaga. Wengi wao hawapatikani kwingine duniani. Na mto unaotoa maji ni mmoja, Lukuga, kwa hiyo uchafu ukishaingia umekaa. Mimi ningeanza na wakulima wa miteremkoni.

Kuhusu dagaa wako: onja mmoja kabla hujalipa. Ukisikia mchanga menoni, walianikwa chini, si kwenye chanja.