Kaizo Mario World si ya Nintendo

Umeuliza kama Kaizo Mario World, lile gemu la Mario gumu kupindukia, ilitolewa na Nintendo, kampuni ya Japani inayotengeneza gemu za Mario. Hapana, hiyo haikutolewa na Nintendo. Ni gemu lao la Super Mario World la 1990 lililochokonolewa na shabiki wa Japani, T. Takemoto, ili amtese rafiki yake. Video za gemu hiyo zikasambaa mwaka 2007. Dalili iko kwenye upakuaji: unapewa kifaili cha mabadiliko tu, unakibandika kwenye nakala ya gemu lenyewe. Na Nintendo gani angeficha tofali hewani likugonge kichwa udumbukie shimoni, au akuue ukiwa umeshavuka geti la mwisho? Roho mbaya tupu. Ila kama unasema ile ngumu ya Famicom (mashine ya gemu ya Nintendo) ya 1986, Super Mario Bros. 2 ya Japani, hiyo ni yao kweli.