Kwa matabibu wapya wa CCC, kliniki yetu ya wanaoishi na VVU, kabla hamjavaa glavu

Wiki iliyopita nilimsikia mwanagenzi mmoja, kijana mwenye bidii ninayempenda kama mdogo wangu, akimuuliza mgonjwa, mwanamume mwenye mpenzi mwanamume, kwenye foleni ya mizani: "Sasa kati yenu wawili, mke ni nani?" Mgonjwa alikuwa amekuja kuchukua dawa zake tu. Nilimvuta mwanagenzi kando na kumkaripia, kisha nikaona haya, kwa kuwa mimi niliwahi kufanya mabaya zaidi.

1. Swali kuhusu wenzi liulizeni kwa kila mtu, kwa maneno yale yale, mlango ukiwa umefungwa: ni wanaume, ni wanawake, au wote? Ukimuuliza mvaa hereni peke yake, mwenye pete ya ndoa na kofia ya vito atapita mbele yako na ugonjwa wake.

2. Kisonono na kaswende hukaa pia kooni na kwenye njia ya haja kubwa, kwa hiyo ulizeni, na mgonjwa akiridhia, mchunguzeni. Hapa ndipo nilipoanguka.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2016, hapa Pwani ya Kenya. Mwanamume wa makamo, ambaye virusi vyake vilikuwa vimefubazwa kwa miaka, aliniambia baada ya kusitasita sana kwamba alikuwa akiumia anapokwenda haja. Nilimlaza ubavu, nikaona vidonda, nikamwambia angoje kidogo. Nilijidanganya kwamba ninatafuta maoni ya mwenzangu. Ukweli ni kwamba nilitaka watu waone nilichokiona. Nilirudi na muuguzi, mwanafunzi, na karani wa rekodi ambaye katika maisha yake hajawahi kumpima mtu chochote. Mmoja alicheka. Mgonjwa alikuwa ameuelekea ukuta, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Alivaa suruali bila kufunga mkanda, akatoka, mfuko wa dawa ukabaki mezani.

Zingatieni wakati wenyewe. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Kwale kwa tuhuma za mapenzi ya jinsia moja na kuchunguzwa njia ya haja kubwa kwa lazima ili upatikane ushahidi dhidi yao. Juni 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ilikubali uchunguzi huo, na ni Machi 2018 tu ndipo Mahakama ya Rufani ilipotamka kwamba ulikiuka Katiba. Mtu anayeishi na habari hizo alinivulia nguo kwa hiari yake, nami nikamletea mashahidi. Kwenye kadi yake niliandika "amekataa huduma", sentensi ambayo hadi leo naiona kuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuutia sahihi.

Mwelimishaji rika alimtafuta bila mafanikio. Baada ya miezi kumi na mmoja aliletwa na dada yake akiwa na kifua kikuu, amekonda hata sikumtambua mpaka nilipolisoma jina. Nilimuuliza kuhusu vile vidonda. "Viliisha, daktari," akasema, akiutazama mlango. Nikaandika kwamba viliisha.

3. Wapo wanaojificha nyuma ya sheria. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoharamisha kujamiiana "kinyume cha maumbile", hakikukuajiri uwe askari, ilhali Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya afya, na sheria ya VVU ya mwaka 2006 inakukataza kutoboa siri yake, hata kwa muuguzi mwenzako wakati wa chai. Anayetaka kumwombea mgonjwa atubu, amwombee akiwa nyumbani kwake, kimya.

4. Mafuta ya mgando huharibu kondomu za mpira. Toeni vilainishi vya maji. Viko kwenye kabati la chini karibu na dirisha, ufunguo ninao mimi, na mkija kuuchukua sihitaji kuambiwa ni vya mgonjwa gani.