Medali za babu hazina jina: usizisugue, na usimlipe dalali

SWALI: Babu yangu mzaa baba, aliyefariki hapa Songea mwaka 1987, alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki). Ametuachia nyota tatu zenye riboni zilizochakaa, medali moja ya duara na picha mbili: katika moja amesimama peke yake studio, na katika nyingine yuko na wenzake saba mbele ya hema. Nyota moja imeandikwa Burma, nyingine Africa, na ya tatu ina miaka ya 1939 na 1945. Nyuma ya picha ya studio kuna mhuri uliofifia na maneno machache ya penseli. Marehemu bibi alikuwa akisema mumewe alipigana Habeshi (Ethiopia) na Bama (Burma, sasa Myanmar). Nimezikagua nyota hizo pande zote, wala sioni jina lake. Je, nizisugue kwa ndimu na majivu ili maandishi yatokeze? Aidha, kuna bwana mmoja mjini anayesema kwamba kwa shilingi 200,000 atatupatia faili la babu kutoka Uingereza na kutuandikisha katika orodha ya fidia. Je, tumlipe?

JIBU: Ndugu msomaji, usizisugue medali, na bwana huyo usimlipe hata shilingi moja. Maswali haya mawili hunifikia pamoja karibu kila mara, kwa sababu yanatokana na dhana moja, nayo ni kwamba medali ya vita ni kitambulisho, kwamba jina la mwenyewe limo ndani yake mahali fulani, na kwamba anayeishika anashika pia haki ya kudai malipo. Kwa niliyoyaona katika kazi hii ya nyaraka, dhana hiyo imeharibu medali nyingi kuliko kutu, na imewapotezea wazee wetu fedha ambazo hawakuwa nazo za kupoteza.

Nyota na medali ambazo Uingereza ilitoa kwa ajili ya utumishi wa miaka ya 1939 hadi 1945 zilitolewa bila jina, kwa askari wa Keya na kwa Waingereza wenyewe vilevile. India, Afrika Kusini na Australia ndizo zilizochonga majina kwenye medali za askari wao. Jina la babu yako halijafunikwa na uchafu, kwa maana halikuwahi kuwapo. Ndimu na majivu vitakula maandishi ya katikati ya nyota, ambayo ndiyo pekee uliyo nayo, na vitaondoa rangi iliyojijenga juu ya madini kwa zaidi ya miaka 70, rangi ambayo hairudishiki. Nyota hizo ni za mchanganyiko wa shaba na zinki, na medali ya duara, ikiwa ni Medali ya Vita ya 1939 hadi 1945, ni ya shaba na nikeli. Anayekuambia kwamba ni dhahabu au fedha anatafuta kukuuzia au kukununulia kitu. Ukikuta jina limechongwa nyuma ya nyota ya namna hii, ujue kwamba mwenyewe alimlipa fundi baada ya vita, au kwamba mfanyabiashara ameliongeza ili kupandisha bei.

Linaloniuma zaidi ni kwamba medali zinazosuguliwa kwa bidii kuliko zote ni zile zilizokuwa na jina kweli. Medali ya Vita ya Uingereza ya mwaka 1914 hadi 1920, ambayo ni ya fedha, ilichapwa namba, jina na kikosi cha askari kwenye ukingo wake mwembamba. Medali ya Utumishi wa Afrika yenye kipande cha juu kilichoandikwa Kenya, waliyopewa askari waliotumika wakati wa hali ya hatari ya Mau Mau kuanzia mwaka 1952, nayo ina jina ukingoni. Familia haiutazami ukingo, inaisugua medali nzima kila sikukuu, na baada ya kizazi kimoja herufi zimelainika kiasi kwamba hata darubini haisaidii. Medali ifutwe vumbi kwa kitambaa laini kikavu, ishikwe kwa ukingo, ihifadhiwe pakavu mbali na mfuko wa plastiki unaotunza unyevu, na hayo yanatosha.

Sasa tuone nyota zako zinasema nini, maana zinasema mengi kwa namna yake. Umbo la nyota zote ni moja, lenye ncha sita, na tofauti iko katika maandishi yanayozunguka herufi za Mfalme George wa Sita, hivyo umefanya vyema kuyasoma badala ya kutegemea riboni, ambazo kwa miaka mingi hubadilishwa na kushonwa pasipo pake. Nyota ya Afrika watu wengi huihusisha na jangwa la Libya na Misri tu, lakini ilitolewa pia kwa waliotumika katika kampeni ya Habeshi na Somalia hadi tarehe 27 Novemba 1941, siku ambayo Gondar, ngome ya mwisho ya Waitaliano huko, ilianguka. Nyota ya Burma, kwa askari wa Afrika Mashariki, mara nyingi huelekeza kwenye Divisheni ya 11, iliyopelekwa Seloni (sasa Sri Lanka) mwaka 1943, ikaingia Burma katikati ya mwaka 1944, ikawafukuza Wajapani kupitia bonde la Kabaw katika masika yaliyogeuza barabara kuwa tope tupu, hadi Kalewa na mto Chindwin mwezi Desemba mwaka huo. Batalioni za Keya zilizotoka Tanganyika katika divisheni hiyo ni ya 26 na ya 36. Kwa hiyo kauli ya bibi yako, Habeshi na Bama, inalingana na madini uliyo nayo mkononi, na inaonyesha kwamba yaelekea babu aliingia jeshini si baada ya mwaka 1941. Familia nyingi hazina ulinganifu wa namna hiyo.

Hapo ndipo nyota zinapokoma. Hazisemi kama alikuwa katika batalioni ya 26 au ya 36, wala kama alibeba bunduki. Divisheni haikuwa askari wa miguu peke yao. Ilikuwa na madereva, wapiga mizinga, wahudumu wa wagonjwa, mafundi wa simu na wapishi, nao wote walistahili nyota ileile. Vilevile Nyota ya Afrika walipata vijana wa vikosi vya kazi waliopelekwa Misri na kwingineko kaskazini, ambao hawakukanyaga Habeshi. Anayetazama nyota tatu na kukuandikia kwamba babu yako alishiriki shambulio fulani mahali fulani amekutungia hadithi. Kinyume chake pia ni kweli: medali hizi zilianza kugawiwa miaka kadhaa baada ya vita, wakati askari wengi walikwisha kurudi vijijini, na wengi hawakuzifuata, hivyo mtu ambaye babu yake hakuacha medali asidhani kwamba hakutumika.

Picha zako zina thamani kubwa kuliko nyota, na ningetaka uanze na upande wa nyuma. Ipige picha karatasi ile huku taa ikimulika kutoka ubavuni, si kutoka juu, maana penseli iliyofutika huacha mkwaruzo ambao mwanga wa ubavuni huudhihirisha. Mhuri wa studio hutaja mji, na mji huo unaweza kuwa Nairobi, Mombasa au Colombo, jambo linaloonyesha alipokuwa likizo au njiani. Kisha mtazame yeye mwenyewe: tepe za mkononi, mbili kwa koplo na tatu kwa sajini; alama ya kichwa cha kifaru begani, ambayo ilikuwa ya Divisheni ya 11; kofia pana iliyokunjwa upande mmoja; na zaidi ya yote, kipande cha riboni kifuani. Nyota ya Afrika ilianzishwa mwezi Julai mwaka 1943 na Nyota ya Burma mwezi Mei mwaka 1945, kwa hiyo picha inayoonyesha riboni ya Burma haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, hata kama mjomba ameandika juu yake mwaka 1940. Usikisie riboni kwa weusi na weupe wake tu: filamu zilizokuwa zikitumiwa na studio nyingi za zamani hazikuhisi rangi nyekundu, kwa hiyo nyekundu hutokea karibu nyeusi na buluu hutokea nyeupe, kinyume cha jicho linavyotarajia.

Kwa sababu hiyohiyo nakusihi usiipeleke picha hiyo kwa vijana wenye programu za kuisafisha na kuitia rangi. Programu hizo hazioni kilichofifia, zinabuni. Alama ya begani iliyokuwa doa hugeuzwa kuwa ua, riboni hupewa rangi isiyokuwapo, na sura ya babu huwa ya mtu mwingine mwenye afya nzuri. Kibaya zaidi, nakala hiyo yenye kung'aa ndiyo husambazwa kwa wanaukoo, na ile ya kweli hutupwa. Hifadhi nakala ya pande zote mbili kama zilivyo, usiigandishe kwa gundi, usiifanyie laminesheni.

Kinachokosekana kwako ni namba ya jeshi. Tafuta cheti cha kuachishwa jeshi au kitabu cha malipo, karatasi ambazo mara nyingi ziko chini ya nguo za bibi, ndani ya msahafu au Biblia, au kwa shangazi aliyebaki na sanduku. Herufi zilizotangulia namba ni sehemu ya namba, usiziache unapoinakili. Waulize pia wazee wa kijiji kama wanawatambua wale saba mbele ya hema, kwa kuwa familia ya mmoja wao inaweza kuwa na cheti, na waliopigwa picha pamoja kwa kawaida walikuwa kombania moja. Ukishakijua kikosi, shajara za vita za vikosi ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza huko Kew, zile za kampeni ya Burma katika mfululizo wa WO 172. Zitakuonyesha kikosi kilipolala kila usiku, ingawa ni nadra kumtaja askari wa kawaida kwa jina. Anza hata hivyo hapa nyumbani, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, kwa sababu mafaili ya wilaya yana barua nyingi kuhusu askari waliorudi.

Nirudi kwa bwana wa mjini, maana namna yake ya kufanya kazi naifahamu. Faili anazoziahidi, zile zinazohamishiwa Kew kutoka Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, ni za askari wa jeshi la Uingereza, ilhali Keya kilikuwa kikosi cha makoloni na kumbukumbu za askari wake zilitunzwa kwingine. Kwa kuwa hawezi kupata faili, hufungua orodha ya Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo yeyote mwenye intaneti huitafuta bure, akachapisha ukurasa wa mtu mwenye jina linalofanana, akaugonga mhuri wake na kuuita ripoti. Orodha ile ni ya waliokufa tu. Imo, kwa mfano, kumbukumbu ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldivi, walipokufa zaidi ya watu 1,200, na ambao ukumbusho wao uko katika makaburi ya vita ya Nairobi. Babu yako alirudi, akalima, akazaa, akafa mwaka 1987; humo hayumo, na jina lake likitokea humo ni la mtu mwingine. Nimeziona familia zilizolipa kwa ajili ya karatasi ya marehemu wa watu wengine, zikaitundika ukutani.

Kuhusu fidia, ni kweli kwamba askari Waafrika walilipwa kiinua mgongo kidogo kuliko Wazungu wa cheo kilekile, na malalamiko hayo ni ya haki kabisa. Lakini Uingereza haijaunda mfuko wa kuwalipa wajukuu wa askari wa Vita vya Pili vya Dunia. Madalali huchanganya makusudi mambo mawili tofauti: malipo ya mwaka 2013 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, ambayo yalitokana na kesi mahakamani, na fedha zilizoahidiwa na Uingereza mwaka 2018 kuwasaidia askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola na wajane walio hai, wenye shida. Hakuna kati ya hayo linalomhusu mjukuu mwenye nyota tatu, na hakuna linaloanza kwa ada ya kujiandikisha.

Basi yeyote anayesoma haya, hata kama babu yake alikuwa mpagazi wa Vita vya Kwanza asiyeacha medali wala karatasi, asimkabidhi mtu kitu halisi kwa ahadi ya kwenda kukihakiki. Medali huhakikiwa kwa picha yenye pande zote na ukingo. Picha huhakikiwa kwa nakala. Kama bwana huyo amekwisha kuchukua chochote kutoka kwenu, kidaini leo mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na akikataa kukirudisha pelekeni shauri polisi mkiwa na picha za vitu hivyo, kabla havijafika kwa mnunuzi wa nje ya nchi.