Maswali ya Wasomaji: Robert Wilson na jukwaa la picha

SWALI: Mwalimu wetu wa maigizo anasema Robert Wilson, mwongozaji wa maigizo wa Marekani, alitunga michezo bila kuanza na maandishi. Basi kazi ilianzia wapi?

JIBU: Kwenye michoro. Wilson, aliyefariki Julai 2025, alisomea usanifu wa majengo katika Pratt Institute, Brooklyn, na mchezo aliupanga kama ramani ya nyumba: kwanza muda, kisha picha, maneno baadaye. Tazameni Einstein on the Beach, opera aliyoiunda na mtunzi Philip Glass, iliyoonyeshwa kwanza Avignon, Ufaransa, mwaka 1976. Picha kuu ni tatu tu: treni, mahakama, na uwanja wenye chombo cha angani. Sehemu ya kwanza ina treni na mahakama. Ya pili, uwanja na treni. Ya tatu, mahakama na uwanja. Ya nne, zote tatu. Hesabuni: maonyesho tisa, kila picha mara tatu.

Mwanzoni, mwishoni na baina ya sehemu hizo kuna vipande vitano vifupi vilivyoitwa michezo ya goti, kwa kuwa goti ni kiungo. Vilichezwa mbele huku mandhari yakibadilishwa nyuma. Wanaomwiga husahau vipande hivi, na ndivyo vinavyoubeba mchezo wa karibu saa tano usio na mapumziko.

Glass aliiweka michoro hiyo kwenye piano akatunga akiitazama. Kwaya huimba namba na do-re-mi: namba huhesabu mapigo, silabi hutaja noti. Msitafute fumbo humo.

SWALI: Ni kweli alikuwa na kigugumizi? Na je, alifanya maigizo tu?

JIBU: Kigugumizi alikuwa nacho alipokuwa kijana huko kwao Waco, Texas. Mwalimu wa dansi, Byrd Hoffman, alimsaidia kwa kumfundisha kupunguza kasi, naye akakipa kikundi chake cha mwaka 1968 jina la mama huyo. Zaidi ya maigizo alichora, alibuni viti, na mwaka 1993 Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa nchini Italia, ilimtunuku Simba wa Dhahabu kwa uchongaji.

SWALI: Tumejaribu mwendo wa polepole wa Wilson mbele ya pazia la buluu. Waigizaji wanayumba, na vivuli vyao vinaangukia pazia.

JIBU: Wanayumba kwa sababu wanatembea kwa vituo: mguu juu, kuganda, mguu chini. Mwendo wa polepole haukatiki. Anzeni na mita 6 kwa dakika 5, yaani sentimita 2 kwa sekunde. Magoti yalegee kidogo, macho yatazame mbali, na uzito wote uhamie mguu mmoja kabla mwingine haujainuka. Mtu mwenye saa ataje kila dakika. Bila hivyo wote huongeza kasi pasipo kujua.

Vivuli vinatoka kwenye taa za mbele. Zizimeni, mfunge taa kwenye nguzo za pembeni, usawa wa kiuno na wa kichwa, ili mwanga ukatize jukwaa uishie upande wa pili. Waigizaji wakae angalau mita 2 kutoka kwenye pazia. Pazia liwe na taa zake lenyewe, juu na chini, zisilikaribie sana: zikiwa karibu mno, chini huwaka na katikati hufifia. Uso ukibaki gizani, ongezeni taa moja hafifu ya mbele iliyofungwa juu kabisa. Kivuli chake kitaanguka sakafuni.