Kwa mnaoanza kusoma mashapo (mchanga na udongo ulioachwa na maji) ya bonde la Rufiji

Mkifika bondeni, keekee ya kutobolea udongo ikae kwanza garini. Tembeeni kwa kulikata bonde, kutoka ukingo wa mto kwenda nje, kwa sababu tofauti ya kimo cha mita moja tu huku inatenganisha mchanga na mfinyanzi, shamba la mahindi na la mpunga. Ukingoni mtapanda kidogo bila kujua. Hilo ni tuta ambalo mto umejijengea wenyewe: maji yakifurika yanapunguza mwendo, mchanga laini na silti, yaani udongo wa chembe ndogo kuliko mchanga lakini kubwa kuliko mfinyanzi, vinatua hapohapo. Mfinyanzi unasafiri mbele zaidi, unatulia sehemu za chini kwenye maji yaliyosimama.

Kutenganisha silti na mfinyanzi, lowanisha donge ulisokote liwe kamba. Mfinyanzi utakunjika pete bila kukatika. Ukibaki na shaka, weka chembe kwenye meno ya mbele: ikikwaruza, kuna silti. (Chukua ya chini shimoni, si pale ng'ombe walipolala.) Rangi iandikwe udongo ukiwa bado mbichi, maana kijivu kilichokosa hewa kikikaa juani kinageuka kahawia, na mabaka ya kutu ndiyo yanayokuonyesha maji ya ardhini yanapanda na kushuka wapi.

Ripoti nyingi za wageni zinaharibikia kwenye mchoro. Mashimo mawili yana mchanga kwenye kina kilekile, basi mtu anavuta mstari kuyaunganisha. Mto huu unahama! Mchanga wa shimo la kwanza unaweza kuwa wa mkondo mmoja, wa pili wa mkondo mwingine uliokufa zamani. Hata kwenye delta, mto unapogawanyika kuingia baharini, mwishoni mwa miaka ya 1970 maji mengi yalihamia matawi ya kaskazini. Toboeni shimo la katikati kabla ya kuchora chochote.

Na mkaamkie wazee. Wanaolima mlau, yaani mazao yanayopandwa maji ya mafuriko yakishapungua, wanajua ardhi ipi inashika unyevu, na mara nyingi watawaonyesha mto ulikopita zamani. Nimewahi kuepuka kutoboa mashimo mengi ya bure kwa maelezo ya namna hiyo.

Picha za satelaiti ziandikiwe tarehe. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mchanga wa kutoka juu sasa unanaswa nyuma ya ukuta. Mafungu ya mchanga mnayoyaona kwenye picha za kabla ya hapo msiyachukulie kuwa ndiyo ya leo.