Msichana Wetu wa Kazi Anaomba Nyongeza, Nami Ndiye Kiongozi wa Ushirika

Mpendwa mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Donholm, Nairobi, na ninaongoza ushirika wa nyumbani katika kanisa letu. Kwa miaka mitano msichana wetu wa kazi ametulelea watoto na kututunzia nyumba. Tunamlipa shilingi 8,500 kwa mwezi, analala na kula kwetu, na kila Krismasi tunampa nguo na vyakula vya kwenda navyo kwao. Hivi majuzi aliomba nyongeza kwa sababu mwanawe anaingia sekondari. Mume wangu alikataa, akasema kwamba tunaishi naye kama mtoto wetu na hawezi kupata nyumba nyingine kama hii. Juma hilo hilo ushirika wetu ulisoma sura ya tano ya Waraka wa Yakobo, nikashindwa kuongoza maombi. Mshahara wangu baada ya makato yote haufiki shilingi 60,000, na biashara ya mume wangu imedorora. Je, ninatenda dhambi? Na je, nilizungumze jambo hili katika ushirika, ambako najua wengi wanalipa kama mimi au hata chini yangu?

Mama M., Donholm

Mama M. mpendwa,

Nimeisoma barua yako kwa uchungu na kwa heshima, kwa kuwa wengi wameisoma sura hiyo ya Yakobo, penye ujira wa wavunaji uliozuiliwa na unaomlilia Mungu, wakafunga Biblia na kwenda kulala bila kujiuliza lolote. Umeniuliza swali la wazi, nami nitakujibu waziwazi: ndiyo, katika mpango huo kuna dhuluma, hata kama hamkuikusudia, na kwa kuwa sasa umeijua huwezi tena kuiacha iendelee.

Sheria ya nchi yetu haikuliacha jambo hili kwa hiari ya mwajiri. Kuanzia Novemba 1, 2024, kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113 na senti kadhaa kwa mwezi. Kwa kuwa analala kwenu, hamdaiwi marupurupu ya nyumba juu ya hizo, lakini malazi hayaufanyi mshahara wenyewe kuwa nusu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa pia siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka akiwa analipwa, na mkataba wa maandishi, ambao ni wajibu wa mwajiri kuuandaa. Hukunieleza kama ana siku ya mapumziko. Nakuomba ulitazame hilo, kwa sababu katika nyumba nyingi za Waumini wa jiji hili yaya ndiye anayebaki jikoni Jumapili ili wengine wawahi ibada ya kwanza, ilhali amri ya Sabato katika Kutoka 20 inamtaja mjakazi waziwazi miongoni mwa wanaopaswa kupumzika.

Sasa niyajibu maneno ya mume wako, ambayo naamini aliyasema kwa nia njema. Mtoto wa nyumbani haamki saa kumi na moja alfajiri kuwapikia wengine chai kila siku ya mwaka, na akiugua hapotezi nafasi yake. Mtoto hurithi. Msichana huyu ana mtoto wake mwenyewe, anayemwona mara chache kwa sababu anawalea wa kwenu, na karo anayoitafuta ni ya mtoto huyo. Mapenzi mliyo nayo kwake ni ya kweli, nami siyadharau, lakini hayawezi kulipa deni la mshahara, wala nguo za Krismasi haziwezi. Zawadi hutolewa mkono ukipenda. Ujira ni mali yake tangu saa alipomaliza kazi, na ndiyo maana Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wake unautegemea ujira huo.

Lipo andiko jingine ambalo ningependa mlisome pamoja, wewe na mume wako, mkiwa mmetulia. Katika Yeremia 22, nabii anamkemea mfalme Yehoyakimu aliyejijengea jumba la fahari kwa kuwatumikisha watu bila malipo, kisha anamkumbusha baba yake, Yosia, aliyekula na kunywa kama watu wengine lakini akawatendea haki maskini na wahitaji. Hapo Mungu anauliza kama huko siko kumjua Yeye. Swali hilo lingetosha kunifanya nikae macho usiku kucha, kwa kuwa linasema kwamba kumjua Mungu huonekana katika namna tunavyomtendea mtu tunayemwajiri. Mwaka 2024 viongozi wa makanisa yetu walipaza sauti kuhusu mzigo wa ushuru katika Mswada wa Fedha, nasi tukawashukuru. Haki tuliyoidai kwa serikali ndiyo hii hii anayoidai msichana huyu mezani kwako, tena kwa upole, baada ya miaka mitano.

Najua utaniuliza fedha zitatoka wapi. Mapato yenu ni haba na siwezi kujifanya sikuona hivyo. Keti na mume wako, mwandike matumizi yote ya mwezi, ikiwemo michango ya harusi, ya harambee na ya ushirika, muone ni ipi inayoweza kupungua kabla ya kugusa mshahara wa mtu. Mkiona kweli hamuwezi kumlipa mfanyakazi wa muda wote, mwelezeni ukweli na mzungumze naye kuhusu saa chache au siku chache kwa malipo ya haki, ili apate nafasi ya kutafuta kazi nyingine ya kujazia. Uamuzi huo uwe wake pia. Nakusihi jambo moja hasa: suluhisho lisiwe kumfukuza na kumleta mwingine asiyejua haki zake. Malipo yapitie M-Pesa ili pande zote mbili ziwe na kumbukumbu, naye aandikishwe katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na katika bima ya afya ya SHA.

Kuhusu miaka iliyopita, Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, hakuishia kutubu kwa mdomo. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya. Sikutwishi mara nne, lakini mkubaliane naye kiasi mtakachomrudishia kidogo kidogo, na mngeweza kuanza na karo ya muhula huu, mkimweleza kwamba ni sehemu ya haki yake. Asiipokee kama msaada, wala asitakiwe kuwashukuru kwa magoti.

Ama ushirika, usizungumze kabla hujarekebisha nyumbani kwako, kwa sababu watakaoumizwa na maneno yako wataitafuta kwanza sababu ya kutokusikiliza. Ukisharekebisha, usingoje sana. Rudini kwenye sura ile ile ya Yakobo, waeleze mlichokiamua wewe na mume wako na kiasi mnacholipa sasa, bila kumtaja wala kumtazama mtu yeyote. Wengine watanyamaza, wengine watakasirika, na pengine kuna atakayehama ushirika. Pia atakuwepo mmoja atakayekufuata baadaye kukuuliza mkataba unaandikwaje, basi uwe na nakala ya ule wenu tayari.