Chungwa langu limetoka tofali

SWALI: Shikamoo Ami Fundi. Nina duka la kadi Mkomani, Lamu. Bwana arusi mmoja kaleta kazi aliyochorewa Nairobi: maua ya rangi ya chungwa, maandishi meusi, na pembeni pameandikwa “Pantone Orange 021 C”. Tumechapa kadi 300 kwa ofseti, wino zetu za kawaida. Maua yametoka kama tofali, na mwenyewe hazitaki. Nimekosea wapi?
Mwenye duka, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nambari ile si kipimo cha kuchanganyia wino zako nne (samawati, majenta yaani wekundu wa waridi, manjano na nyeusi). Ni jina la wino mmoja katika orodha ya rangi ya kampuni ya Pantone, ulio chungwa tangu koponi. Wewe umelitafuta kwa vitone vya majenta na manjano, na majenta yetu si safi, humeza nuru ambayo ingerudi machoni. Ukiizidisha unapata wekundu, ukiipunguza unapata embe bivu. Ule mwako hauji.

Halafu hiyo C ni ya karatasi yenye mpako. Kama kadi zako ni zile za kukwaruza zinywazo wino, hata wino wenyewe ungefifia. Mwambie mchoraji aangalie 021 U, ya karatasi isiyo na mpako.

Nami yalinifika hapa Malindi. Hoteli moja ilitaka Reflex Blue, buluu iliyokolea ya Pantone, nikaichapa kwa wino nne, barua zikatoka zambarau. Nilirudia kwa karatasi zangu. Siku hizi nina kitabu cha Pantone kinachoweka wino halisi na mfano wake wa wino nne bega kwa bega. Mteja namfunulia nje kivulini, saa nne asubuhi, kwani taa ya duka hudanganya. Kisha nakirudisha sandukuni, jua lisikipaushe.

Linaloniuma ni kwamba kazi yako ina rangi mbili tu! Umelipia pleti tatu (mabamba ya kuchapia, moja kwa kila wino), na mbili zingetosha. Nunua kopo la Orange 021. Ni katika rangi za msingi za Pantone, halitaki mchanganyaji. Pleti moja yake, moja ya nyeusi. Osha rola mpaka kitambaa kitoke cheupe, maana samawati kidogo tu iliyobaki itakuharibia kazi. Chapa tano, zilaze hadi kesho (wino mbichi hung'aa kuliko mkavu), ndipo bwana arusi atie sahihi.

Zile 300 usizitupe. Mimi nyuma ya barua za zambarau niliandikia hesabu za duka miaka miwili.